Goti si Bawaba Tu: Namna ya Kufundisha Kiungo cha Goti katika Shule ya Msingi

Miongoni mwa mada ambazo mwalimu wa sayansi hukutana nazo katika madarasa ya juu ya shule ya msingi ni ile ya mifupa na viungo vya mwili. Kwa desturi mada hii hufundishwa kwa kutumia mifano ya vitu ambavyo watoto wanavifahamu. Bega hufananishwa na tufe lililokaa katika kikombe, na goti hufananishwa na bawaba ya mlango. Mfano wa bawaba umeandikwa ubaoni mara nyingi, na wanafunzi wengi wameukumbuka vema katika mitihani yao. Sisi hatusemi kwamba mfano huo uachwe. Tunalotaka kulionyesha ni kwamba kila mfano una mpaka wake, na mwalimu asiyeujua mpaka huo humpa mwanafunzi maarifa nusu akidhani amempa maarifa kamili. Kwa habari ya goti jambo hili lina uzito wa pekee, kwa maana majeraha mabaya ya goti mara nyingi hutokea pale pale ambapo goti huacha kufanana na bawaba.

Katika makala haya tutaeleza kwanza umbo la goti na kazi yake, kisha tutaonyesha majaribio na zana ambazo mwalimu anaweza kuzipata bila gharama kubwa, na mwisho tutazungumzia goti la mtoto anayekua na wajibu wa mwalimu kwake.

1. Umbo la goti

Goti ni kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini. Mifupa inayokutana hapo ni mitatu: fupaja, yaani mfupa wa paja; muundi, yaani mfupa mnene wa mguu chini ya goti; na pia ya goti, ambayo wengine huiita kilegesambwa. Mfupa mwembamba ulio upande wa nje wa muundi hauingii katika kiungo hiki, ingawa wanafunzi wengi hudhani kwamba umo.

Ncha ya chini ya fupaja ina vifundo viwili vya mviringo vilivyokaa bega kwa bega. Ncha ya juu ya muundi, kwa upande wake, inakaribia kuwa bapa, na ina vibonde viwili vya kina kidogo tu. Hapa mwalimu na asite kidogo awaulize wanafunzi: Je, kitu cha mviringo kikiwekwa juu ya kitu bapa, kitatulia? Jibu ni kwamba hakitatulia mpaka kizuiwe. Basi sehemu kubwa ya maelezo ya goti ni maelezo ya vizuizi hivyo.

Kizuizi cha kwanza ni vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, vilivyolala juu ya muundi. Kingo zake za nje ni nene na kingo za ndani ni nyembamba, hivyo huvifanya vibonde vile viwe na kina zaidi. Hali kadhalika huutawanya uzito wa mwili, usibane mahali pamoja.

Kizuizi cha pili ni kano zinazofunga mfupa kwa mfupa. Kubwa miongoni mwake ni nne. Mbili zipo ubavuni, moja upande wa ndani na nyingine upande wa nje, nazo huzuia goti lisipinde kwenda kando. Mbili nyingine zimo katikati ya kiungo chenyewe, nazo zimepishana kama herufi X. Ya mbele huzuia muundi usiteleze kwenda mbele, na ya nyuma huuzuia usiteleze kwenda nyuma.

Kizuizi cha tatu ni misuli. Mbele ya paja upo msuli mkubwa wenye vichwa vinne, ambao kazi yake ni kulinyosha goti. Nyuma ya paja ipo misuli inayolikunja. Misuli hii ndiyo inayolilinda goti kila siku, na tofauti na mifupa na kano, yaweza kuongezewa nguvu nyingi kwa mazoezi.

Ncha za mifupa zimevikwa gegedu laini, jeupe, linaloteleza. Kiungo chote kimezungukwa na mfuko, na utando wa ndani wa mfuko huo hutoa ute wa kulainisha. Ute huo katika goti zima la mtu mwenye afya haufiki hata kijiko kimoja cha chai. Gegedu la ncha za mifupa halina mishipa ya damu, nalo hupata chakula chake kutoka katika ute. Mtu akitembea, gegedu hubanwa na kuachiliwa, likafyonza na kutoa majimaji mfano wa dodoki. Ndiyo sababu goti linalotumika kwa kiasi huwa na afya, na goti lisilotembezwa kwa muda mrefu hudhoofika.

2. Pale mfano wa bawaba unapofaa, na pale unapokoma

Mfano wa bawaba unafaa katika jambo moja kubwa: goti hukunjika na kunyooka zaidi ya linavyofanya jambo jingine lolote. Kutoka hali ya kunyooka, mtu aweza kulikunja kwa nguvu ya misuli yake kiasi cha nyuzi 140 hivi, na akichuchumaa kabisa huzidi hapo. Mlango nao hufunguka na kufungwa kwa upande mmoja. Mpaka hapa mfano ni mzuri.

Lakini bawaba ya mlango ina msumari mmoja ambao mlango wote huuzunguka, na msumari huo hausogei. Goti halina msumari. Ndugu wawili wa Kijerumani, Wilhelm na Eduard Weber, walilieleza jambo hili katika kitabu chao juu ya mwendo wa binadamu kilichotoka mwaka 1836. Walionyesha kwamba fupaja hubingirika na kuteleza juu ya muundi kwa wakati mmoja. Lau fupaja lingebingirika tu, lingeshuka na kuanguka nyuma ya muundi kabla goti halijakunjika nusu. Lau lingeteleza tu, lingesaga mahali pamoja daima. Kwa kufanya yote mawili, hukaa mahali pake na kugawa uzito.

Tofauti ya pili ni kwamba goti lililokunjwa linaweza kuzunguka. Mtu akiketi na kulikunja goti lake, aweza kuuzungusha muundi ndani na nje kwa nyuzi nyingi. Anapolinyosha, kano za ubavuni hukaza na mzunguko huo hutoweka. Hakuna bawaba ya mlango inayofanya hivyo, na mlango ukizungushwa kwa namna hiyo bawaba itang'oka. Goti nalo lina kiasi chake: likizungushwa kwa nguvu hali limebeba uzito wa mwili wote, kano au gegedu laweza kuchanika.

Kwa hiyo tunashauri kwamba mwalimu aandike ubaoni, chini ya mfano wa bawaba, safu mbili: "Goti na bawaba vinafanana wapi?" na "Goti na bawaba vinatofautiana wapi?" Wanafunzi wakiijaza safu ya pili kwa majaribio yao wenyewe, mfano hautawapotosha tena, bali utakuwa ngazi ya kuwafikisha kwenye ukweli.

3. Kufunga na kufungua goti

Wengi wetu tumewaona watoto waliosimama mstarini wakichezeana: mmoja humsukuma mwenziwe kidogo nyuma ya goti, na yule mwenziwe, ijapokuwa ni mwenye nguvu, hulegea ghafula na kukaribia kuanguka. Mchezo huu una somo ndani yake, nalo lafaa kuelezwa darasani.

Mtu anaposimama wima, uzito wa mwili wake hupita mbele kidogo ya katikati ya goti. Uzito huo hulisukuma goti lizidi kunyooka, lakini kano na tishu za nyuma huuzuia mwendo huo. Zaidi ya hayo, katika nyuzi za mwisho za kunyooka, muundi hujizungusha kidogo kuelekea nje, mfano wa skrubu inayokazwa, na goti likajifunga. Kwa sababu hiyo tunaweza kusimama muda mrefu huku misuli ya paja ikifanya kazi ndogo sana. Goti likisukumwa kutoka nyuma, kufuli hilo hufunguka kabla misuli haijawa tayari, na mtu hulegea. Mtu anapotaka kulikunja goti lake kwa hiari, msuli mdogo ulio nyuma ya kiungo huuzungusha mfupa kinyume na kulifungua kufuli.

Jambo hili la kusimama wima lina historia ndefu katika sehemu yetu ya Afrika. Mafupaja ya binadamu huteremka kutoka nyongani yakielekea ndani, hata magoti yakakaa karibu karibu chini ya uzito wa mwili. Kwa sokwe mfupa huo hauna mteremko kama huo, na anapotembea kwa miguu miwili huyumba kwenda kando. Mwaka 1973 huko Hadar, Ethiopia, mtaalamu Donald Johanson aliokota mifupa ya goti yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 3, na mteremko wa fupaja hilo ulionyesha kwamba mwenyewe alitembea wima. Mwaka 1978 huko Laetoli, katika Tanzania, kundi la Mary Leakey lilipata nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Mwalimu anayefundisha historia na sayansi katika darasa moja anaweza kuyaunganisha masomo hayo mawili kwa kutumia goti.

4. Pia ya goti ina kazi gani?

Wanafunzi wengi watajibu kwamba pia ni ngao ya kulikinga goti. Jibu hilo si la uongo, lakini si kazi yake kubwa. Pia imo ndani ya kano ya ule msuli mkubwa wa mbele ya paja, na chini yake kano hiyo huendelea mpaka kwenye kinundu kilicho juu ya muundi. Kwa kuwa pia huiinua kano na kuiweka mbali kidogo na katikati ya kiungo, msuli hupata wenzo mrefu zaidi wa kuunyosha mguu. Ni kanuni ile ile inayomfanya mtu afungue mlango kwa urahisi anapousukuma mbali na bawaba, na kwa taabu anapousukuma karibu nayo. Pia ikikosekana, mtu aweza kuunyosha mguu, lakini kwa nguvu pungufu. Kwa hiyo somo la goti na somo la wenzo yaweza kufuatana katika azimio la kazi.

Yafaa pia wanafunzi wajue ukubwa wa kazi ya goti. Mtu anapotembea katika uwanda, mzigo unaobanwa katika goti lake katika kila hatua hufika mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili wake, kwa sababu misuli nayo huvuta mifupa pamoja. Mtoto mwenye kilo 30 basi hubana goti lake kwa mzigo sawa na kilo 60 hadi 90. Anaposhuka ngazi, mzigo huzidi mara 3. Hesabu hizi ni nyepesi kwa wanafunzi wa Darasa la Tano, nao huzifurahia kwa sababu ni hesabu za miili yao wenyewe.

5. Majaribio ya darasani

Majaribio yafuatayo hayahitaji kifaa chochote kigumu. Kila jaribio litanguliwe na swali, na wanafunzi waseme wanachotazamia kabla hawajalifanya.

(a) Kopo juu ya ubao. Mwalimu aweke kopo tupu la mviringo juu ya kipande kifupi cha ubao. Kwanza alibingirishe tu; kopo litaanguka ukingoni. Kisha alizungushe huku akilirudisha nyuma kidogo kidogo kwa mkono. Litageuka bila kuondoka ubaoni. Hivyo ndivyo fupaja linavyofanya juu ya muundi.

(b) Mzunguko wa goti. Mwanafunzi aketi kitini, goti likunjwe kama pembe mraba na kisigino kiguse sakafu. Ashike kwa vidole kinundu kilicho chini ya pia, kisha aelekeze vidole vya mguu ndani na nje. Atasikia kinundu kikisogea. Sasa aunyoshe mguu wote na kujaribu tena. Mguu utageuka, lakini atagundua kwamba paja lote limegeuka pamoja nao: mzunguko huo unatoka nyongani, si gotini.

(c) Mwendo wa pia. Mwanafunzi aketi na kuunyosha mguu juu ya benchi, misuli ikiwa imelegea. Aisukume pia kwa vidole, naye ataona inasogea kando kando. Kisha akaze misuli ya paja. Pia itapanda juu kidogo na kukaza, isisogezeke tena. Jaribio hili linathibitisha kwamba pia imefungwa katika kano ya msuli.

(d) Teke lisilo la hiari. Mwanafunzi aketi juu ya meza, miguu ikining'inia. Mwalimu mwenyewe, wala si mwanafunzi, agonge polepole kwa ubavu wa kiganja kwenye kano iliyo chini ya pia. Mguu utaruka mbele wenyewe. Waganga wawili wa Ujerumani, Wilhelm Erb na Carl Westphal, kila mmoja kwa upande wake, waliandika habari za tendo hili mwaka 1875. Kano inapogongwa, msuli hunyoshwa ghafula. Habari hukimbia mpaka kwenye uti wa mgongo na amri hurudi kwa msuli, bila kungoja ubongo uamue. Tendo hilo hulisaidia goti lisilegee ghafula mtu anapojikwaa.

6. Zana: mguu wa kuku na mguu wa mbuzi

Picha ya kitabuni haitoshi. Gegedu linaloteleza haliwezi kufahamika mpaka lishikwe. Zana iliyo bora na rahisi ni mguu wa kuku wenye paja, uliokwisha kuchinjwa na kuoshwa. Mahali paja linapokutana na kipande cha chini chenye nyama nyingi ndipo palipo goti la kuku. Mwalimu akipasua ngozi kwa uangalifu ataweza kuonyesha ute, gegedu jeupe, kano za ubavuni na zile zilizopishana ndani. Wanafunzi wakikunja na kunyosha kiungo hicho kwa mikono yao, kisha mwalimu akate kano moja, wataona jinsi kiungo kinavyoanza kucheza upande. Kisu kishikwe na mwalimu peke yake, na wote wanawe mikono kwa sabuni baada ya kazi.

Hapa mwalimu ajihadhari na kosa moja linaloenea sana. Wanafunzi watasema kwamba goti la kuku na la mbuzi hukunjika kwenda nyuma. Sivyo. Katika mguu wa nyuma wa mbuzi, kiungo kile kilichochongoka nyuma, katikati ya mguu, ni sawa na kifundo cha mguu na kisigino chetu, kwa maana mbuzi hutembea juu ya ncha za vidole. Goti lake la kweli liko juu zaidi, karibu na tumbo, nalo huelekea mbele kama letu. Na kile tunachokiita goti katika mguu wa mbele ni sawa na kiwiko cha mkono wa mtu, pale kiganja kinapoungana na mkono. Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili bila kusema mengi: awaombe wanafunzi watafute pia. Mguu wenye pia ndio wenye goti.

Ikiwa kuku hapatikani, wanafunzi na watengeneze kielelezo. Vipande viwili vya mti, kimoja chenye ncha ya mviringo na kingine chenye ncha bapa, huwa fupaja na muundi. Vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli hukatwa virefu na kupigiliwa misumari midogo ubavuni viwe kano. Kamba iliyopitishwa mbele huwa kano ya msuli, na kifungo kikubwa kilichotungwa katika kamba hiyo huwa pia. Wanafunzi wavute kamba kifungo kikiwepo, kisha wavute kikiwa kimeondolewa, nao walinganishe.

7. Goti la mtoto anayekua

Mpaka hapa tumesema habari za goti kama kwamba ni la mtu mzima. Lakini aliye mbele ya mwalimu ni mtoto, na goti la mtoto lina mambo yake.

Mtoto anapozaliwa pia yake ni gegedu tupu. Huanza kugeuka mfupa kati ya miaka 3 na 6. Kadhalika, karibu na ncha za fupaja na muundi mna tabaka za gegedu ambazo ndizo zinazourefusha mfupa. Tabaka mbili zilizo karibu na goti, yaani ya chini ya fupaja na ya juu ya muundi, ndizo zinazoleta kama theluthi mbili za urefu wote ambao mguu huongeza wakati wa kukua. Kwa hiyo jeraha kubwa la goti la mtoto laweza kuuathiri urefu wa mguu wake na unyofu wake.

Miguu ya watoto hubadilika umbo. Mtoto wa chini ya miaka 2 aghalabu huwa na miguu iliyopinda nje. Akifika miaka 3 au 4 magoti huelekea kugusana, na kufikia miaka 7 hivi miguu huwa imenyooka kwa kawaida. Mtoto aliyeingia Darasa la Kwanza akiwa bado na kiasi kidogo cha hali hiyo asichekwe wala asipewe jina la utani. Lakini matege yanayozidi, au yaliyo mguu mmoja tu, yahitaji daktari. Huenda sababu ni upungufu wa vitamini D, na katika baadhi ya sehemu za Arusha na Kilimanjaro ambako maji yana floridi nyingi, huenda sababu ikawa ni maji hayo.

Wanafunzi wa miaka 10 hadi 15 wanaokimbia na kuruka sana wanaweza kupata maumivu na uvimbe katika kile kinundu kilicho chini ya pia. Katika umri huo kano ya msuli huvuta mahali ambapo mfupa haujakomaa. Maumivu hayo hupungua mtoto akipumzishwa michezo ya kuruka, na mwishowe huisha. Mtoto anayelalamika hivyo si mvivu, na mwalimu asimlazimishe kukimbia.

8. Wajibu wa mwalimu

Kutokana na hayo yote, tunaona mambo matatu ambayo yampasa kila mwalimu, hata asiyefundisha sayansi.

La kwanza ni michezo. Katika netiboli mchezaji anayedaka mpira hurukia, hutua, na hapana ruhusa ya kuendelea kukimbia nao. Husimama ghafula na kugeuka. Tumekwisha kusema kwamba goti lililokunjwa huzunguka, na kwamba likizungushwa likiwa limebeba uzito huweza kuumia. Basi wachezaji wafundishwe kutua kwa miguu miwili inapowezekana, magoti yakikunjwa kidogo na kuelekea zilikoelekea ncha za vidole, yasiangukie ndani. Wageuke kwa kuinua na kusogeza mguu, wala si kwa kupinda goti huku wayo umeganda ardhini. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya mbele na ya nyuma ya paja yatangulie mashindano, na uwanja usafishwe mashimo na mawe.

La pili ni adhabu. Katika shule nyingine mtoto hupigishwa magoti juu ya changarawe au sakafu kavu kwa muda mrefu. Kupiga magoti kwa heshima, kama vile binti anavyomwamkia mzazi wake, au kwa ibada, ni jambo la muda na la hiari. Adhabu ni jambo jingine. Uzito wa mwili hukaa juu ya kinundu cha muundi na ukingo wa pia, mahali ambapo kati ya ngozi na mfupa mna vifuko vyembamba tu vya ute, na ambapo kwa mtoto mfupa ungali unakua. Kila kokoto hukusanya uzito huo katika nukta moja. Hatuoni jinsi mwalimu anavyoweza kulieleza umbo la goti ubaoni saa tatu, kisha saa nne amwamuru mtoto yule yule aliharibu goti lake uani.

La tatu ni huduma ya kwanza. Goti likiumia mchezoni na kuvimba, mtoto asiendelee kucheza. Apumzishwe, goti liwekewe kitambaa cha maji baridi, na mguu uinuliwe. Mtu asilivute, asilichue, wala asilikande kwa maji ya moto siku hiyo. Akishindwa kukanyaga, au goti likikataa kukunjika au kunyooka, apelekwe hospitali. Na mtoto mwenye goti lililovimba, lenye joto, pamoja na homa, hata kama hakuanguka, apelekwe siku hiyo hiyo. Vijidudu vikiingia katika kiungo huweza kuliharibu gegedu katika muda wa siku chache, na gegedu la ncha za mifupa likiisha kuharibika halirudi katika hali yake ya kwanza.

Hitimisho

Mwanachuo atakayekwenda katika mazoezi ya kufundisha atakuta mifano mingi ya namna ya bawaba: moyo na pampu, jicho na kamera, ubongo na mkuu wa kituo. Aitumie yote, lakini kila mara ajiulize mfano unakoma wapi, na awaongoze wanafunzi wapaone mahali hapo kwa macho na mikono yao. Katika somo la goti, mahali hapo si jambo la mtihani tu. Ndipo mtoto anapoweza kuumia, na ndipo maarifa ya mwalimu yanapoweza kumwepusha na madhara.

Maswali ya kujadiliwa chuoni

1. Andika andalio la vipindi viwili juu ya goti kwa Darasa la Tano. Jaribio lipi litatangulia, na kwa nini?
2. Mwanafunzi anasisitiza kwamba goti la mbuzi hukunjika nyuma. Utamwongozaje aone ukweli bila kumwambia jibu?
3. Chagua mfano mwingine unaotumika katika somo la mwili wa binadamu. Orodhesha mambo matatu ambayo mfano huo unayaeleza vema, na mawili ambayo hauyaelezi.